Jaketi ya ngozi ya farasi: mabega kwanza, jina kisha



Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya kiangazi inashika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mtu wa pikipiki anatetemeka njiani asubuhi, na jaketi za ngozi zinaanza kutafutwa. Ndipo kijana anarudi nyumbani na kusema: «Baba, kuko jaketi moja pale sokoni, ni ya cheval ya kweli.» Kisha anataja bei. Baba anakohoa. Mama ananyamaza, sababu anajua ya kama mwezi wa tisa masomo yanafunguliwa, na feza ya masomo bado haijatimia.

Hatutaki kukataza kijana kuvaa vizuri. Jaketi nzuri ya ngozi inaweza kukaa miaka 20 na zaidi, na kaka akiiacha mdogo anaivaa. Lakini jaketi mbaya inakula feza ya nyumba na kuishia kwenye musumari nyuma ya mlango. Basi mwezi huu tutazame pamoja: ngozi ya farasi ni nini, inashinda zingine kwa nini, na sherti tuangalie nini mbele ya kulipa.

1. Ngozi hii inatoka wapi?

Hapa kwetu farasi haonekani sana. Mahali pengi ndorobo, ile inzi ya ugonjwa wa usingizi, inamuua. Lakini kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900, farasi walikuwa zaidi ya milioni 20. Walilima mashamba, walivuta magari ya mizigo mijini, na walipokufa ngozi yao ilipatikana tele kwa bei ndogo. Ndiyo sababu mafundi waliishonea jaketi za kazi.

Mwaka 1928, katika mji wa New York, Irving Schott alitengeneza jaketi ya watu wa pikipiki akaiita Perfecto. Ni ile yenye tireti inayopita upande, wala si katikati. Mwaka 1931 jeshi la Marekani likachagua jaketi ya marubani wa ndege iliyoitwa A-2. Nyingi za A-2 zilishonwa kwa ngozi ya farasi, na zilivaliwa sana katika vita ya pili ya dunia.

Kisha trakta na gari zikachukua kazi ya farasi. Kufika mwaka 1960 farasi wa Marekani walibaki karibu milioni 3 tu. Ngozi ikakosekana, na viwanda vikageukia ngozi ya ngombe. Siku hizi wanaotengeneza ngozi ya farasi ni wachache: kama Horween wa Chicago, kazi iliyoanza mwaka 1905, au Shinki wa mji wa Himeji kule Japani. Jaketi mpya ya ngozi hiyo mara mingi inapita dola 1000.

Angalieni vizuri neno hili: zamani ilikuwa ngozi ya mtu wa kazi sababu ilikuwa rahisi. Leo ni ya bei kali sababu ni haba. Bei ile si uzuri peke yake. Ni uhaba pia.

2. Farasi, ngombe, mbuzi, kondoo

Ngozi ya farasi nyuzi zake zimekazana sana. Uso wake ni laini, unang'aa, na mahali pa kukunjana panafanya mikunjo mikubwa ya mviringo. Ikiwa mpya ni ngumu kama ubao. Inaomba miezi ya kuvaliwa mbele ya kutii mwili. Kwa jaketi wanatumia zaidi sehemu ya mbele ya mnyama. Nyuma, penye matako, kuko ngozi nzito sana ya ndani, na hiyo inakwenda kwenye viatu vya bei kali vinavyoitwa cordovan.

Ngozi ya ngombe, ikiwa nene na imetengenezwa vizuri, inakaribia sana ile ya farasi kwa nguvu. Kwa pikipiki inatosha kabisa.

Ngozi ya mbuzi iko na vipele vidogo usoni. Ni nyepesi, inalainika upesi, tena haipasuki ovyo. Marubani wa jeshi la maji la Marekani walivaa jaketi ya mbuzi, ile G-1.

Ngozi ya kondoo ni laini sana mkononi, na hapo ndipo inadanganya watu wengi dukani. Ni ya matembezi. Mtu akianguka nayo kwenye barabara, inachanika upesi.

Sasa tuseme ukweli. Ngozi ikisha kupakwa rangi na kupigwa mashini, mtu asiye fundi hawezi kujua kwa macho kama ni farasi ama ngombe. Muuzaji anasema: «Yaya, angalia mwenyewe, hii ni cheval ya Bulaya, haiishe hata siku moja!» Labda yeye mwenyewe hajui. Basi usilipe juu ya jina la mnyama. Lipa juu ya kile mkono wako na jicho lako vinaweza kupima.

3. Vitu vya kupima kwa mkono

Kwanza, je, ni ngozi? Tafuta pembe isiyoshonwa, ndani ya mfuko ama chini ya kola. Ngozi ya kweli iko na nyuzi nyuzi upande wa ndani. Skai iko na kitambaa chini na plastiki juu. Usikubali mambo ya kuchoma na kiberiti. Utaharibu kitu cha mtu na hutajua mengi.

Pili, unene. Jaketi nzito ya farasi mara mingi iko na milimita 1 mpaka 1 na nusu. Shika mkono wa jaketi kwa vidole viwili: unasikia mwili, ama unasikia karatasi?

Tatu, vipande. Mgongo wa ile A-2 ulikatwa kipande kimoja. Ukikuta mgongo uliounganishwa na vipande vidogo vidogo kama tambara la viraka, ujue fundi alitumia mabaki, na kila mshono ni mahali pa kupasukia.

Ine, mishono. Iwe sawasawa, isiyokaribiana mno. Matundu yakiwa karibu sana, ngozi inakatika pale kama karatasi ya tembre.

Tano, tireti. Ile nzuri ni ya shaba iliyochanganywa na zenki, na sisi watu wa Shaba na wa Kipushi tunavijua vyuma hivyo viwili. Ifungue na kuifunga mara tano. Ikikwama mara moja sokoni, itakwama kila siku njiani.

4. Kipimo: hapa ndipo watu wanapoteza feza

Ngozi ikiwa ya kwanza ya dunia na mabega hayakupati, umenunua blanketi. Tena ngozi haisamehe sawa kitambaa: fundi akifungua mshono, matundu ya zamani yanabaki. Mikono mirefu inaweza kukatwa kama haina tireti. Kiuno kinaweza kupunguzwa kidogo. Lakini mabega, usidanganyike, hayarekebishwi.

Vaa jaketi juu ya shati na triko nyepesi. Funga tireti mpaka juu. Mshono wa bega uwe pale mfupa wa bega unapoishia, usianguke mkononi. Nyoosha mikono mbele kama mtu anayeshika pikipiki: mgongo usikubane mpaka pumzi inakatika, na mikono ya jaketi isipande juu ya kifundo cha mkono. Inua mikono: jaketi ikipanda yote mpaka tumboni, mashimo ya kwapa yamekatwa chini mno. Kaa kwenye kiti: kola isikupige kidevuni.

Usichanganye ugumu na udogo. Ngozi ya farasi mpya inabana sababu ni ngumu. Kwenye viwiko na mgongoni italainika. Lakini haivutiki sawa ya kondoo. Mabega yakiwa madogo leo, yatakuwa madogo mwaka ujao. Wengine wanaogopa ugumu ule na kuchukua kubwa zaidi. Kisha ngozi inalainika na wao wanaogelea ndani yake.

Tena, usishangae ukiona jaketi za namna ya zamani ni fupi. Wanaume wa siku zile walivaa pantalo juu, karibu na kitovu. Ukivaa pantalo chini kiunoni, shati itaonekana katikati. Kosa si la jaketi.

5. Kama ndugu wa ngambo ndiye anatuma

Usimwambie tu «mimi ni 50». Namba ya Marekani inahesabu kifua kwa inchi. Namba ya Ulaya inahesabu nusu ya kifua kwa santimetre. Basi 40 ya Marekani na 50 ya Ulaya ni karibu mtu mmoja! Na jaketi za Japani mara mingi zinakatwa ndogo.

Afadhali hivi: lalisha mezani jaketi moja inayokupata vizuri, uifunge, upime kwa metere ya fundi: kwapa mpaka kwapa, bega mpaka bega, bega mpaka mwisho wa mkono, chini ya kola mpaka mwisho wa mgongo. Tuma namba hizo ine. Mfano: kifua chako ni santimetre 96. Jaketi yenye 53 kwapa mpaka kwapa inazunguka 106. Inabaki nafasi ya 10, na hiyo inatosha kwa shati na triko.

6. Kuitunza

Ikilowa na mvua, itundike kwenye kitundikio kipana, ndani ya nyumba penye hewa. Usiikaushe kwenye jua kali wala karibu na mbabula: ngozi inakakamaa na kupasuka. Usiifue na sabuni. Wakati wa mvua usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki, sababu itaota ukungu. Mafuta ya ngozi kidogo, mara moja ama mbili kwa mwaka, yanatosha.

Kisha kukaa pamoja

Kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza akivaa jaketi ya ngombe inayompata mabegani, na nusu ya feza ikabaki kwa masomo ya wadogo, amevaa vizuri kupita yule wa cheval anayedaiwa. Hata barabarani watu hawasomi etiketi iliyo ndani ya kola. Wanaona mabega.

Maulizo ya kuzungumzia nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, nani anajua vipimo vyake vya mabega na kifua? Tupimane leo.
2. Nguo gani tuliyonunua juu ya jina inalala bila kuvaliwa?
3. Mbele ya baridi ijayo, tutaweka kiasi gani kando kwa mavazi, bila kugusa feza ya mwezi wa tisa?