Sura Tunaijua, Kalamu Je?

Wiki hii sina habari za nyumba ndogo wala za mitindo ya vitenge. Nina swali moja tu: ile filamu iliyokuliza mpaka kanga ikaloa, nani aliitunga?

Najua utanitajia Kanumba. Kweli, Steven Kanumba ni wa kwetu. Alizaliwa hapa hapa Shinyanga Januari 8, 1984, akaenda Dar, akang'aa na kundi la Kaole, na mwaka 2006 akatoka na Dar to Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria. Siku alipofariki, Aprili 7, 2012, mimi hapa Kambarage niliacha ugali ukaungua jikoni.

Lakini kabla mwigizaji hajafungua mdomo, yupo mtu aliyekaa na daftari akaamua nani apende, nani asaliti, nani afe. Jina la huyo hupita mwishoni, sisi tumeshainuka tunatafuta ndala.

Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Aliandika hadithi ya binti wa mchimbaji wa Geita, miezi minne, usiku kwa usiku. Akaja jamaa mmoja, akamlipa hela ya kununua baiskeli, maneno matupu, hakuna karatasi. Filamu ikatoka. Tukajazana sebuleni kwangu kusubiri jina lake. Halikuja. Dada akasema, "Labda limepita hatukuliona." Tukarudisha nyuma mara tatu. Kijana akasema, "Mama mdogo, naomba niende nje kidogo." Hakurudi mpaka usiku. Siku hizi anaendesha bodaboda, na daftari halitaki hata kuliona.

Jamani, sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Ila sheria haipigi hodi mlango kwa mlango. Ukiuza hadithi, andikishaneni: bei, jina lako litokee wapi, na nakala moja ibaki kwako. Hata mnunuzi akiwa shemeji yako! Ukikwama, waone COSOTA.

Na wewe mtazamaji, usiinuke mapema. Kwangu anayezima TV kabla majina hayajaisha, vyombo vya usiku huo ni vyake.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.