Panga kurudi kabla ya kukata tiketi ya kwenda

Kila ninapokaa Nyabugogo kusubiri basi la Dar es Salaam, huwa nasikia wafanyabiashara wapya wakipiga hesabu. Nauli hii hapa, chakula cha njiani hiki hapa, gesti ya Kariakoo siku tatu, zinazobaki zote ni za mzigo. Nikiwauliza, "Na kurudi je?" jibu halibadiliki: "Ah, mzigo ukishapatikana utajileta."

Mzigo haujileti. Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza nililala mpakani siku tatu na mabegi yangu, kwa sababu risiti niliyopewa dukani haikuwa na jina langu wala idadi ya vitu. Faida yote iliishia hapo, kwenye chakula, kwenye kupiga simu, na kwa kijana mmoja aliyeniambia yeye ni wakala kumbe hata kibali hana. Muuza duka simlaumu sana. Alinipa nilichoomba, nami niliomba bei ndogo.

Ndiyo maana nasema safari ya Kigali hadi Dar es Salaam ipangwe kuanzia mwisho. Kwenda ni rahisi, hata kama ni karibu kilomita 1,500. Unashuka Rusumo, unavuka Mto Kagera, gari linahama kutoka kulia kwenda kushoto mwa barabara, na saa yako inasogea mbele kwa saa moja: saa 12 ya Kigali ni saa 1 ya Tanzania. Kisha Kahama, Nzega, mlima Sekenke, Singida, Dodoma, Morogoro. Basi likifika Mbezi, pale stendi ya Magufuli, bado una safari ya mjini kwenda Kariakoo, na siku za masika maji ya Jangwani yanaweza kukuchelewesha zaidi. Wengine siku hizi wanashuka Dodoma na kupanda treni ya SGR iliyoanza safari hizo mwaka 2024. Kwa mtu asiye na mzigo ni wazo zuri, maana inamfikisha katikati ya jiji.

Jambo moja tu la kwenda linawakwamisha wengi, nalo ni hati. Kitambulisho cha taifa kinachomvusha Mnyarwanda kwenda Kampala au Nairobi hakimvushi Rusumo. Makubaliano ya vitambulisho ya mwaka 2014 ni ya Rwanda, Uganda na Kenya. Tanzania haimo. Kata pasipoti mapema, na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Sasa tuje kwenye kurudi, ambako fedha ndiko ziliko.

Wengi wetu tunaamini kwamba kitu kikinunuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kinapita bure. Si kweli. Kinachopita bila ushuru wa forodha ni kile kilicholimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya. Mchele wa Tanzania, sabuni iliyotengenezwa Tanzania, dagaa: hivyo, thamani yake isipozidi dola 2,000 na vikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaza cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na ofisa wa forodha anakigonga muhuri. Huhitaji kumlipa mtu akujazie. Kodi ya ongezeko la thamani inabaki kwa bidhaa zinazotozwa, lakini ushuru unaondoka.

Viatu vya China, simu, vyombo vya jikoni na zile kitenge nzuri ambazo hazikufumwa Tanzania ni habari nyingine. Vilishalipiwa ushuru bandarini Dar es Salaam viuzwe Tanzania. Ukivivusha Rusumo vinatozwa tena, kana kwamba ndiyo kwanza vimeshuka melini. Chini ya ushuru wa pamoja bidhaa nyingi zilizokamilika ziko kwenye asilimia 25, na tangu Julai 2022 nyingine zimewekwa asilimia 35. Chukua mzigo wa dola 1,000 wa asilimia 25. Ushuru ni dola 250. Juu ya jumla hiyo weka asilimia 18 ya ongezeko la thamani, dola 225. Hizo ni dola 475 kabla hujaweka gharama ya usafiri na tozo ndogo ndogo. Aliyepanga kwenda tu hana fedha hizo mfukoni. Atakopa mpakani kwa riba ya mpakani, au atakubali kushauriwa njia za panya.

Hapa nina neno na serikali zetu. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Himaya Moja ya Forodha tumeisikia tangu 2014. Kituo cha pamoja cha Rusumo kilizinduliwa Aprili 2016, na kwa haki kimepunguza foleni: unagongewa mara moja, upande mmoja. Lakini kupanga ofisi mbili chini ya paa moja ni kazi nyepesi kuliko kukubaliana nani achukue ushuru wa kiatu kilicholipiwa Dar es Salaam na kuvaliwa Kigali. Hilo limeachwa, na anayelibeba ni mama mwenye mabegi manne. Msafirishaji mkubwa anaagiza kontena moja kwa moja kwa jina la Kigali, analipa mara moja. Mdogo anayenunua rejareja Kariakoo analipa ndani ya bei ya duka, kisha analipa tena mpakani. Kama mnataka tuache njia za panya, anzeni na hapo.

Mpaka hilo lirekebishwe, karatasi ndiyo kinga yetu. Kariakoo utaulizwa, "Dada, bei ya risiti au bila risiti?" Chukua ya risiti. Sheria ya Tanzania inamtaka mnunuzi aidai, na bila risiti ya mashine thamani ya mzigo wako itakadiriwa na mtu asiyejua ulivyobishana bei. Hakikisha ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, aina ya bidhaa, idadi na bei. Wenzangu wanaona ni usumbufu kumsimamisha muuzaji wakati duka limejaa. Msimamishe.

Mitumba nayo ina hesabu yake. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Belo la kilo 45 kwa kiwango hicho ni zaidi ya dola 112 za ushuru peke yake. Pale Ilala belo linaweza kukuvutia kwa bei, lakini pima kilo kwanza. Nimeona mtu akiliacha belo lake mpakani kwa sababu ushuru ulizidi alicholinunulia.

Angalia pia ulivyofunga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na Tanzania tangu Juni 2019. Hamisha vitu kwenye viroba au maboksi ukiwa bado Kariakoo, kwa utulivu, badala ya kufungua mzigo wako barazani Rusumo mbele ya watu. Na mafuta ya kung'arisha ngozi yenye viambato vilivyokatazwa, hata kama mteja wako Kimironko amekusihi, yaache. Yatakamatwa, na yatafanya mabegi mengine yote yapekuliwe.

Kwa hiyo ukiketi kupanga, anza kuandika gharama za kutoka Rusumo hadi dukani kwako, kisha ushuru kwa kila bidhaa, kisha usafiri wa mzigo kutoka Dar es Salaam. Mpigie wakala wa forodha mwenye kibali kabla hujaondoka, umtajie bidhaa moja moja, akupe makadirio. Fedha hizo zitenge, usizipeleke Kariakoo kabisa, maana Kariakoo ina namna yake ya kumaliza fedha. Kinachobaki ndicho mtaji wa mzigo. Kikiwa kidogo mno, usiende mwezi huu. Basi la Dar es Salaam lipo pia mwezi ujao.