Tupeni Uwanja Kwanza, Pikipiki Baadaye



Wiki hii tunaandika juu ya pikipiki. Tunajua kuna watakaosema, "Hawa vijana wamekosa la kuandika. Mgao umekatwa, nao wanatuletea habari za pikipiki!" Mtuvumilie kidogo. Kwenye mgao tutafika.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu hapa anakijua lakini hatukisemi kwa sauti. Sisi vijana tukimaliza shule, au shule ikitumaliza sisi, kazi iliyo karibu ni boda. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na tunashukuru, maana wenzetu wa nchi nyingine hawana hiyo nafasi. Lakini kazi zenyewe ziko wapi? Shamba ni dogo. Duka linataka mtaji. Boda inataka tu mtu wa kukuazima Boxer yake, na wewe kila jioni umpelekee hesabu.

Sasa, tunajifunza namna gani? Wengi wetu tulijifunza hivi. Jioni, nyuma ya uwanja wa mpira, kaka fulani anakushikia pikipiki kwa nyuma, anakwambia, "Hii klachi, hii gia, hii breki, twende." Inazima mara tatu, ya nne inaondoka. Watoto wanashangilia. Kesho yake unaenda nayo dukani. Wiki inayofuata umebeba mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la mahindi, unashuka kilima cha vumbi na lori linapanda. Hapo ndipo unajifunza kufunga breki, na nyuma yako kuna roho za watu wawili.

Wazee wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwetu, ulimwengu ni lile lori.

Mwenzetu mmoja alipata pikipiki kupitia mradi wa kuwawezesha vijana. Siku ya kukabidhiwa kulikuwa na hotuba, picha na fulana. Kabla ya hapo walipewa mafunzo ya siku tano: jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kuandika mapato na matumizi, jinsi ya kuongea vizuri na mteja. Hakukuwa na hata saa moja ya kuendesha. Kwenye fomu kulikuwa na swali, "Unajua kuendesha?" Akaandika ndiyo. Nani angeandika hapana?

Wiki ya tatu, siku ya mvua, alifika kwenye kona yenye kokoto, akashtuka, akaikamata breki ya mbele yote. Abiria alichubuka. Yeye ana vyuma mguuni mpaka leo, na pikipiki iliuzwa kulipa matibabu. Mradi hatuutaji jina. Si kwa kuogopa, ila ni kwa sababu si huo mmoja tu.

Miezi michache baada ya hapo, wanne kati yetu, wavulana wawili na wasichana wawili, tulialikwa na rafiki wa kundi letu anayecheza motokrosi. Alitupeleka kwenye uwanja mmoja nje ya Kampala, siku ya wanaoanza. Kwa wasioujua huu mchezo: motokrosi ni mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo iliyofungwa, yenye vilima vya kurukia, kona zenye kingo zilizoinuliwa, mchanga na matope. Ulianzia Uingereza, na mbio zinazohesabiwa kuwa za kwanza zilifanyika Camberley mwaka 1924. Hapa Uganda wapenzi wa mchezo wanaijua Garuga, kule upande wa Entebbe. Kuna hadi watoto wanaoshindana na pikipiki ndogo za cc 50, watoto ambao hata meno ya utoto hayajang'oka.

Tulienda tukijua tunaenda kuruka. Watatu wetu tayari tunaendesha, sasa nani atatufundisha nini? Mmoja alikuwa ameshawaahidi watu wa nyumbani video akiwa hewani.

Saa ya kwanza hatukuwasha hata pikipiki. Tulivalishwa: helmeti inayofunika mpaka kidevu, miwani, glavu, kinga ya kifua, kinga za magoti, buti ngumu zinazofika karibu na goti. Mwalimu alipita kwa kila mmoja, akavuta kamba ya helmeti, akaitikisa helmeti kuona kama kichwa kinatikisika pamoja nayo. Ikicheza peke yake, anakupa nyingine. Halafu akasema, "Kuanguka mtaanguka. Kazi yangu ni muamke."

Saa ya pili ilikuwa kwenye sehemu tambarare, katikati ya koni. Unaachia klachi polepole mpaka usikie pikipiki inaanza kuvuta. Unasimama. Tena. Tena. Tulifanya hivyo mpaka mikono ikauma.

Halafu zikaja breki. Kwanza ya nyuma peke yake, uone tairi linavyoteleza. Kisha ya mbele, kwa kidole kimoja au viwili, unaiminya taratibu halafu unaongeza. Hapo sisi watatu tuliduwaa. Nyumbani wote tulifundishwa kwamba breki ya mbele ni mbaya, itakurusha, usiiguse. Mwalimu akatueleza: ukifunga breki, uzito unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Linalokuangusha ni kuikamata ghafla kwa hofu, au kuikamata wakati pikipiki imelala kwenye kona. Mwenzetu mwenye vyuma mguuni hakuwepo, lakini wote tulimkumbuka. Hakuna aliyesema kitu.

Tukafundishwa kusimama juu ya vikanyagio, magoti yakiikumbatia pikipiki, viwiko nje, kifua mbele, macho mbali. "Usiangalie tairi," alisema. "Pikipiki inaenda unakoangalia." Na ni kweli. Ukilitolea macho shimo, utaingia shimoni.

Mchana ndipo tuliingia kwenye njia yenyewe. Vilima tulivipanda na kuvishuka magurudumu yote mawili yakiwa chini. Hakuna kuruka. Yule wa video aliomba mara tatu, akakataliwa mara tatu. Kwenye kona ya mwisho akaamua kujionyesha, akapiga mafuta, pikipiki ikaenda kule na yeye huku. Kabla hata hajainua kichwa, mzee mmoja aliyesimama pembeni alikuwa ameshapeperusha bendera ya njano. Njano maana yake kuna hatari: punguza, usimpite mtu, usiruke. Nyekundu, wote simameni. Bluu, nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, mwache apite. Tuliokuwa nyuma tulipunguza. Mwenzetu akaamka, akajipangusa udongo, akacheka.

Hilo ndilo lililotukaa moyoni kuliko yote. Kuanguka kule kule, vumbi lile lile, kijana yule yule. Uwanjani ukianguka unacheka. Kwenye njia yetu ya kambi, kuanguka kama kule ni hospitali, au ni matanga.

Watoto wa wenye uwezo wanaanguka mara nyingi uwanjani kabla hawajaijua barabara. Sisi tunaanguka mara ya kwanza barabarani, bila helmeti, tukiwa na abiria. Halafu watu wanasema vijana wa boda ni wakorofi, hawaogopi kufa. Tunaogopa sana! Ni vile hatujawahi kupewa mahali pa kukosea.

Na hili si la Nakivale peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Rika letu hilo. Tafiti zinaonyesha pia kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 40 hivi, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Sisi tumekimbia risasi, tukavuka mipaka usiku, halafu tuje tufe kwenye kona ya kokoto kwa kukosa siku nne za mazoezi?

Kwa hiyo, ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba mtusikilize. Hatuombi pikipiki za motokrosi. Tunajua ni mchezo ghali. Pikipiki moja mpya ya mbio ni bei ya Boxer kadhaa. Tunaomba ule mpangilio wake.

Kwanza, mtusaidie kupata ruhusa ya kipande cha ardhi kilichofungwa, ambacho watoto na ng'ombe hawapiti. Udongo upo, majembe yapo, vilima na kona tutajenga wenyewe.

Pili, kabla hamjamkabidhi mtu pikipiki, mpeni siku kadhaa na mwalimu. Na swali la fomu libadilike. Msituulize "Unajua kuendesha?" Tuambieni "Tuonyeshe."

Tatu, kila pikipiki ije na helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, na gharama za leseni zihesabiwe kwenye mradi tangu mwanzo. Pikipiki bila leseni ni kumtuma kijana akahangaike na askari kila asubuhi.

Sasa tufike kwenye mgao, kama tulivyoahidi. Tunakubali, njaa ipo. Kuna majirani zetu walioondolewa kwenye orodha, na sisi wenyewe tunajua kulala na chai. Lakini hebu fikirieni. Mgao ukipungua, ni nani anategemewa nyumbani? Ni yule anayeleta hela kidogo za boda jioni. Mguu wake ukivunjika, familia imepoteza kipato, imepata mgonjwa, na imeuza pikipiki. Mafunzo ya siku nne ni rahisi kuliko chuma kimoja cha mguu. Kwa hiyo mtu akituambia uwanja ni anasa, tunamwambia aende akaulize nyumbani kwa mwenzetu.

Kuna jambo lingine, na hapa kundi letu halikukubaliana lote. Wengine walisema tuandike juu ya usalama tu, tusiseme kwamba tulifurahi, maana wafadhili hawatoi pesa kwa ajili ya kufurahi. Wengine tukasema, kwani mkimbizi haruhusiwi kufurahi? Tuliamua kusema ukweli. Tulifurahi mno. Kwa saa chache hatukuwa kesi ya mtu wala namba kwenye karatasi. Tulikuwa vijana wenye matope mpaka masikioni.

Na mliodhani ni mambo ya wavulana, sikieni. Aliyefanya vizuri kuliko sisi wote siku ile ni dada yetu ambaye hakuwahi kuendesha kabisa. Alimaliza bila kuanguka hata mara moja. Mwalimu alisema sababu ni kwamba hakuwa na tabia mbaya za kuacha. Huku nyumbani, jioni nyuma ya uwanja, hakuna kaka aliyewahi kumshikia pikipiki. Tanya Muzinda wa Harare, Zimbabwe, alianza motokrosi akiwa na miaka mitano, na leo jina lake linajulikana mbali. Kuna nini kinachowazuia dada zetu zaidi ya sisi wenyewe?

Maana na sisi tuna makosa yetu, tusiwatupie mashirika yote. Helmeti tunazitundika kwenye kiwiko tunazisubirisha polisi. Mishikaki tunabeba, watu watatu na mizigo juu. Anayejifunza tunamcheka akizima, ndiyo maana anakimbilia barabarani kabla hajaiva. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji sisi tuache.

Basi tumeanza na tulichonacho. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya mechi, tuko nyuma ya uwanja wa mpira. Koni zetu ni madumu yaliyotoboka. Pikipiki ni moja, ya kuazima, na mafuta tunachangishana. Sheria ni moja tu: hubebi abiria mpaka umesimama juu ya mstari mara kumi mfululizo bila kuteleza. Ukikosea ya tisa, unaanza upya. Watu wanalalamika, lakini wanarudi.

Bendera ya njano ni kipande cha kitenge cha mama mmoja jirani. Anayeishika ni mwenzetu mwenye vyuma mguuni. Hawezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo tumemwekea kiti. Mtu akianguka, kabla ya vumbi kutulia, kitenge kiko juu.

Kama uko Nakivale, njoo. Kama una helmeti, njoo nayo. Kama huna, njoo hivyo hivyo. Tunazo tatu, tunapokezana.