Binti Akibadilika Ghafla



Majuma machache yaliyopita alitujia mama mmoja, jirani wa siku nyingi, akiwa na daftari la shule mkononi. Ndani yake alikuwa ameandika, siku baada ya siku, yaliyomfika binti yake wa miaka 19. Siku ya kwanza: kichwa na homa kidogo, amepimwa malaria, hana. Siku ya 5: halali usiku. Siku ya 7: asema walimu wa chuo wamsikiliza kupitia simu. Siku ya 9: acheka peke yake, kisha alia, kisha amsukuma nduguye mdogo. Siku ya 12: mdomo watafuna na hamna kitu kinywani. Siku ya 14: degedege. Baada ya hapo kurasa ni tupu, kwani mama hakuwa tena na nafasi ya kuandika.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 binti yule alisomewa, akafukizwa, akanyweshwa kombe, akapelekwa kwa mtu aliyesema ni jini wa baharini, na katika zahanati moja akadungwa sindano ya kutuliza wagonjwa wa akili, ambayo ilimfanya akakakamaa mwili kama ubao. Hakuna katika hao wote aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alitazama alichozoea kukiona. Mama ametupa ruhusa ya kuyaeleza haya kwa sharti la kutotaja jina wala mtaa, nasi tumekubali, kwa kuwa tunaamini ziko nyumba nyingine ambazo daftari kama lile lingeweza kuandikwa.

Maradhi yaliyomshika binti huyo yana jina refu: ensefalaitisi ya antibodi za vipokezi vya NMDA. Ensefalaitisi ni hali ya ubongo kushikwa na mwako wa maradhi. Mara nyingi hutokana na virusi au vijidudu vingine, lakini katika aina hii hakuna kidudu chochote kinachoushambulia ubongo. Kinachoushambulia ni kinga ya mwili wenyewe. Antibodi ni protini za damu ambazo kazi yake ni kushika vitu vigeni, na hapa zimepotea njia zikashika vipokezi vya NMDA, yaani vile vishikio vidogo juu ya seli za ubongo vinavyosaidia kumbukumbu, kujifunza na mwenendo. Vishikio hivyo hurudi ndani ya seli visipate kufanya kazi. Mtu hubaki na ubongo wake mzima, lakini mawasiliano yamekatika.

Neno hilo la “mzima” ndilo lililompa mama nguvu alipoelezwa na daktari. Seli zenyewe kwa kawaida haziuawi. Antibodi zikiondolewa, vipokezi hurudi mahali pake, na mtu aliyeonekana amepotea kabisa aweza kurudi akawa yule yule.

Si ajabu kwamba wazee wetu hawakuyajua maradhi haya kwa jina, kwani hata madaktari wakuu duniani hawakuyajua. Ilikuwa mwaka 2007 ndipo Josep Dalmau, daktari mwenye asili ya Uhispania aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alipotangaza pamoja na wenzake habari za wanawake 12 waliougua namna moja: akili kuvurugika ghafla, degedege, kupoteza fahamu, na kushindwa kupumua. Wote walikuwa na uvimbe wa aina ya teratoma, na karibu wote uvimbe huo ulikuwa katika ovari, kile kifuko cha mayai ya uzazi. Teratoma ni uvimbe wa ajabu, huweza kuota ndani yake nywele, meno, na hata nyama ya neva inayofanana na ya ubongo. Kinga ya mwili huiona nyama hiyo mahali isipostahili kuwapo, huipiga vita, kisha huendeleza vita hivyo hadi kichwani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2009, mwandishi wa gazeti la New York Post, Susannah Cahalan, aliyekuwa na miaka 24, alipatwa na maradhi hayo. Kuna daktari aliyemwambia kwamba ni ulevi na kuchoka kwa kazi. Picha za ubongo wake zilikuwa safi. Aliyemtambua alikuwa daktari mzaliwa wa Syria, Souhel Najjar, na chombo alichotumia kilikuwa karatasi na kalamu: alimwambia achore uso wa saa. Susannah aliandika nambari zote, kuanzia moja hadi 12, zikasongamana upande mmoja wa duara, na upande wa pili ukabaki mtupu. Hapo daktari akajua kwamba ubongo wenyewe ndio mgonjwa. Alitibiwa, akapona, akarudi kazini, na mwaka 2012 akatoa kitabu juu ya mwezi ule ambao yeye mwenyewe haukumbuki. Hata hayawani hawakusalimika: Knut, yule dubu mweupe wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyeanguka majini akafa mwaka 2011 mbele ya watazamaji, alikuja kugunduliwa mwaka 2015 kuwa alikuwa na maradhi ya namna hii hii. Sidhani—tusamehewe, hatudhani—kuna mtu aliyemsingizia dubu yule jini.

Mwaka 2013 zilichapishwa habari za wagonjwa 577 waliokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Wanane kati ya kila 10 walikuwa wanawake, na nusu yao wote walikuwa na miaka 21 au chini yake. Kwa hiyo ni maradhi adimu, lakini yanapokuja hupenda kuja kwa msichana, katika umri ule ule ambao sisi watu wa pwani tumezoea kusema “amepandwa” au “mitihani imemzidi” au “ana mambo ya mapenzi”. Wanaume na watoto wadogo nao hupata. Mtoto mdogo huanza zaidi kwa degedege, kuacha kusema, au ukali usio wa kawaida yake.

Dalili moja peke yake haitoshi. Kukosa usingizi ni kukosa usingizi tu, na wapo wengi wenye maradhi ya akili ya kawaida, nao wana tiba yao na heshima yao. Kinachopaswa kututia shaka ni mfululizo: mtu aliyekuwa salama mwezi uliopita, akaanza kwa homa au kichwa kama mafua, kisha ndani ya siku chache au majuma mawili akili ikabadilika, kisha vikaongezeka degedege, kusahau, kunyamaza kabisa, midomo na mikono kuchezacheza yenyewe, moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kupotea. Na dalili ile ya sindano, kwamba dawa za kutuliza akili zinamkakamaza badala ya kumtuliza, madaktari huitilia maanani sana. Mwenye kuona mambo hayo asingoje Ijumaa.

Hospitalini kuna kipimo kimoja ambacho familia nyingi hukikataa, nacho ni kuchukua maji ya uti wa mgongo. Tumesikia wenyewe, hata katika mikutano ya akina mama, kwamba “akitobolewa mgongo atapooza”. Sindano ile hupita sehemu ya chini ya kiuno, chini ya pale uti unapokoma, na maji huchukuliwa kidogo tu. Mgonjwa aweza kuumwa kichwa siku kadhaa. Bila ya maji hayo haiwezekani kujua kama ni homa ya uti wa mgongo, au kifua kikuu cha ubongo, au virusi vya herpesi, mambo ambayo kwetu ni ya kawaida kuliko maradhi haya na ambayo ni lazima yaondolewe shaka kwanza, pamoja na malaria iliyopanda kichwani. Na antibodi zenyewe huonekana vyema zaidi katika maji ya uti kuliko katika damu. Picha ya MRI husaidia, lakini kwa wengi wenye maradhi haya hutoka safi, basi mtu asirudi nyumbani kwa furaha kwamba “picha haina kitu”. Kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, mara nyingi ndicho kinachoonyesha kwamba kuna jambo.

Kipimo cha antibodi hakipatikani kila hospitali. Sampuli hupelekwa mbali, na jibu huchukua siku. Daktari mwenye shaka ya kweli, akishaondoa maambukizi, huanza tiba kabla jibu halijarudi, kwani kila juma linalopita lina thamani. Familia yaweza kuuliza kwa adabu: Je, daktari, yaweza kuwa kinga ya mwili inashambulia ubongo? Je, tupate rufaa kwa daktari wa neva? Swali hilo si utovu wa heshima. Jambo jingine dogo lililomsaidia jirani yetu, mbali na daftari, ni simu: kaka wa binti alikuwa amemchukua video mdomo ulipokuwa ukitafuna, na daktari alipoitazama aliagiza vipimo siku ile ile. Video hiyo ni amana ya daktari, haifai kuzungushwa katika makundi ya ukoo.

Sasa tuje katika jambo ambalo lilitupotezea siku mbili, nasi tunaliandika kwa uchungu. Msichana au mwanamke akipatikana na maradhi haya, ni lazima atazamwe ovari. Daktari aliposema “tunataka kumpiga picha ya tumbo la chini, huenda pana uvimbe”, bibi yake alinyamaza, shangazi akatoka nje, na kabla ya magharibi ukoo mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba mtoto ana mimba. Baba akasema hapigwi picha yoyote. Binti wakati huo alikuwa hasemi, hali, na pumzi yake inakwenda kwa kusitasita.

Kwa hiyo tuseme wazi. Uvimbe huu hautokani na mwanamume. Hauna uhusiano wowote na mwenendo wa msichana, na watoto wadogo wasiojua lolote hupatikana nao. Kwa msichana ambaye hajaolewa picha huchukuliwa kwa juu ya tumbo, au kwa mashine ya MRI, na hakuna haja ya kumgusa mahali ambapo familia inapaogopea. Mama aweza kuomba daktari au mtaalamu wa kike, na aweza kuwapo chumbani. Uvimbe ukipatikana hutolewa kwa upasuaji, kwani bila ya kuutoa dawa huhangaika bure. Mara nyingi hutolewa uvimbe wenyewe, au ovari moja, na inayobaki yatosha kwa uzazi, akipenda Mwenyezi Mungu. Binti wa jirani yetu alikuwa na uvimbe katika ovari ya kushoto. Shangazi yule yule ndiye aliyelala naye hospitalini baadaye.

Tiba ya kinga huanza kwa steroidi za mishipani kwa siku chache, na huongezewa imunoglobulini, au kubadilishwa kwa utegili, yaani yale maji ya damu yenye antibodi mbaya hutolewa yakawekwa mengine. Imunoglobulini hutengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watu waliojitolea, ndiyo sababu ni ghali mno. Steroidi ni rahisi zaidi, na hospitali nyingi zinazo. Asiyepata nafuu huongezewa dawa kali zaidi kama rituximabu au saiklofosfamaidi. Hiyo ya pili yaweza kugusa uzazi, basi iulizwe mapema. Mgonjwa aliyepewa vidonge vya steroidi vya kumeza nyumbani asiviache ghafla kwa kuwa uso umevimba au kwa kuwa Ramadhani imeingia. Amwone daktari wake, kisha amuulize sheikh wake.

Na kisomo? Hatumzuii mtu kumsomea mgonjwa wake Qur'ani. Ni nuru na ni faraja, na maalimu aliyemsomea binti huyu alikuja hadi wodini akasoma kwa sauti ya chini huku dripu ikienda. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na kisomo hakijawahi kugombana na sindano. Tunachokataa ni mambo mengine: kumfunga kamba, kumpiga ili “atoke”, kumfukiza moshi mzito mtu ambaye pumzi yake inasitasita, na kumnywesha kombe au maji ya aina yoyote mtu aliyepoteza fahamu. Maji hayo huingia mapafuni, na mtu aweza kufa kwa maji ya baraka aliyomiminiwa kwa mapenzi.

Kupona huja polepole. Wale 577 tuliowataja, waliofuatiliwa kwa miezi 24 baada ya matibabu walikuwa wamepata nafuu njema kiasi cha wanane kati ya 10. Wapo waliofariki, na wapo waliobaki na upungufu. Wengine hurudiwa na maradhi, kiasi cha 12 katika kila 100 ndani ya miaka miwili, basi kliniki isikatizwe hata mtu akijiona mzima. Mwili hutangulia kupona, na utulivu wa akili, kupanga mambo na kumbukumbu huja mwisho. Katika miezi hiyo ya kati familia huchoka, na majirani huanza kusema kwamba msichana amedeka.

Binti wa daftari sasa yuko nyumbani mwezi wa nne. Hawezi bado kusoma vitabu vya chuo zaidi ya nusu saa, na chumvi huitia mara mbili katika mchuzi, wadogo zake wakacheka naye akacheka. Amemwomba mamake ampe lile daftari alisome, kwa kuwa katika majuma sita yale yote hakumbuki hata siku moja. Mama ametuuliza kama ampe. Tumemwambia amngoje yule daktari wa neva, wana miadi naye Jumanne.