Mtoto wa miaka minne asipande basi gizani

KUTOKA MGOMBANI
Na Aikande Lyatuu

Ndugu wakishamaliza Krismasi na magari yakaanza kushuka mlima kurudi Dar es Salaam, mazungumzo ya akina mama wa huku Moshi huacha ndafu na kuhamia kwenye sare za shule. Nani anaanza chekechea? Wapi? Ada kiasi gani, na gari la shule linapita saa ngapi? Safari hii na mimi nimo. Kitinda mimba wangu ametimiza miaka minne, na moyo wangu umegawanyika: nataka aende, na sitaki aende.

Sababu za kutaka aende ninazo. Zamani mama alishuka tambarare kulima mahindi, au alijitwika mkungu wa ndizi kwenda soko la Kiboroloni, na mtoto alibaki kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na bibi pamoja na watoto wa baba wadogo na wakubwa. Aligombana nao, akagawana nao ndizi ya kuchoma, akajifunza kusubiri zamu yake. Siku hizi wale watoto wenzake hawapo. Wazazi wao wamepanga Pasua, Majengo na Njoro, wengine wako Mwanza, na bibi amebaki Kibosho au Mwika na ng'ombe wake wa zizini. Mtoto wa mjini anashinda na dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti mdogo, na televisheni. Mtoto huyo anahitaji wenzake. Chekechea nzuri itampa wenzake na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na mama yake atafungua kibanda chake bila moyo kumwenda mbio.

Tena sisi ni watu wa shule. Kahawa iliyopelekwa KNCU, chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1933, ililipa ada za wengi wa wazazi wetu, na wapo wazee Marangu na Machame waliouza ng'ombe ili mtoto asifukuzwe darasani. Kiu hiyo naiheshimu mno. Ninachokiogopa ni haraka tuliyoichanganya nayo.

Simama kando ya barabara inayoshuka kutoka Uru kwenda mjini saa 11 na nusu alfajiri, siku yoyote ya shule. Jua bado kabisa. Watoto wamesimama na mama zao, mikono ya sweta imekunjwa mara mbili, begi linagonga nyuma ya magoti, chupa ya maji inaning'inia shingoni. Asubuhi moja nilimwona mmoja akiingizwa na matroni ndani ya Hiace akiwa usingizini. Kichwa chake kiliangukia bega la mwenzake, naye yule mwenzake amelala vilevile. Mama alibaki barabarani na kiatu kimoja kilichomvuka mtoto wakati wa kupandishwa. Gari lilikuwa limeshaondoka.

Gari hilo litazunguka mitaa kabla ya kufika shuleni, na jioni litazunguka tena. Mtoto anafika nyumbani anakula huku anasinzia, na bado kuna kazi ya kufanya: herufi "a" ukurasa mzima, kwa vidole ambavyo havijaweza hata kufunga kifungo cha shati. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania hauelekezi hivyo. Unataka mtoto wa umri huu ajifunze kwa michezo, kwa nyimbo na hadithi, kwenye kona za ujifunzaji, ahesabu vizibo na mbegu, afinyange udongo. Na sera yetu inataja mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Miaka mitatu ya bebi klasi na madarasa yanayofuata, tunayokimbizana nayo mjini, haimo.

Kuanzia Machi 1, 2023, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ulikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili watoto wadogo walelewe na wazazi wao. Niliufurahia waraka ule na bado nautetea, ingawa wapo wazazi wa mkoa huu walionung'unika. Lakini mtoto anayeondoka gizani na kurudi amechoka hoi analelewa na nani? Usiku analala kwao, ndiyo. Saa zake za kucheza, kuuliza maswali na kumfuata mama jikoni zimeishia barabarani. Na barabara zenyewe tunazijua. Sisi wa Kaskazini hatujaisahau Mei 6, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wale walikuwa wa darasa la saba. Hawa wangu na wako hawajui hata kutaja jina la mtaa wao.

Njia nyingine ipo: darasa la awali katika shule ya serikali halina ada tangu 2016. Nawasikia wenzangu wanaolikwepa, na malalamiko yao ni ya haki: kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yamezidi hapo, uji haupo, au upo wiki hii na wiki ijayo hakuna. Huku mlimani kuna jingine. Vijiji vyetu vimebanana na shule iko karibu, ila iko ng'ambo ya korongo. Masika, kati ya Machi na Mei, njia inakuwa utelezi mtupu, mto umejaa, na kivuko ni magogo. Mtu mzima mwenyewe anavuka kwa kushikilia majani.

Mwaka 2021/22 fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya shule shikizi, zile zilizo chini ya shule mama, nchini ili watoto wadogo wasitembee mbali. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ilete mpango huo huku kwa kuangalia makorongo, isihesabu kilomita peke yake. Pale ambapo hakuna ardhi, maana kihamba hakigawiki tena, sharika na parokia zina kumbi zinazofungwa Jumatatu hadi Ijumaa. Mwalimu mmoja, mikeka, choo cha kimo cha mtoto na ndoo ya maji vinatosha kuanza, chini ya usimamizi wa shule ya msingi ya kijiji.

Wangu atakwenda darasa la awali la kijijini, kwa miguu, mimi nikimshika mkono hadi ng'ambo, na mchana atakula nyumbani. Atalia, na mimi sijui nitarudije kazini. Kamati ya shule imeomba kila mzazi debe la mahindi kwa ajili ya uji. La kwangu nimeshalipeleka. Wenye watoto wanaoanza Januari, pelekeni la kwenu kabla shule hazijafunguliwa, na mkifika muulizeni mwenyekiti habari za kile kivuko.