Mpimaji wa dawa India apewe nguvu

Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai ilitangaza kuuza mseto wa dawa za kufubaza VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati katika nchi za Magharibi dawa hizo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Msingi wake ulikuwa sheria ya hataza ya 1970, iliyowaruhusu wakemia wa India kutengeneza dawa ileile kwa njia nyingine. Afrika Mashariki inaujua vyema uhai uliookolewa.

Leo, ili kuingia kwenye tasnia hiyo, kijana wa India husoma famasia miaka minne, na akitaka uzamili hufanya mtihani wa kujiunga uitwao GPAT. Wengine huingia kwenye mauzo, wakizunguka kwa madaktari na mikoba ya sampuli. Anayetutia wasiwasi ni yule anayeajiriwa kwenye maabara ya kupima ubora kiwandani.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi kutoka India kufuatia vifo vya watoto Gambia. Ndani yake kulikutwa diethilini glaikoli, sumu inayoua figo. Kupima pipa la malighafi, ambamo sumu hiyo huweza kuwemo, kabla halijamiminwa kwenye mtambo hakuhitaji mgunduzi. Kunahitaji mhitimu wa kawaida mwenye kifaa, muda na mamlaka ya kusema hapana hata bosi akiwa na haraka.

Vyuo vya India vimfundishe mhitimu huyo kwa vitendo, si kwa kukariri. Na serikali imlinde kisheria asifukuzwe kazi kwa kukataa kuidhinisha shehena yenye shaka.