Ruta ya bei nafuu: usiitupe, lakini soma namba zake kwanza

Leo tuweke mawese na dagaa pembeni kidogo. Wenye maduka na vikundi vya kuweka na kukopa wananiuliza sana: ruta ya zamani ikiwekewa programu huria itadumu miaka mingapi?

Msimamo wangu ni huu: itadumu kadiri kumbukumbu yake inavyoruhusu. Fundi hodari hawezi kuongeza hapo.

Programu ninayoisema ni OpenWrt. Ilianza mwaka 2004 na hutolewa bure. Mtengenezaji akiacha kutoa masahihisho ya usalama, OpenWrt huendelea kuyatoa. Hata BRCK, ruta iliyobuniwa Nairobi kwa mazingira ya umeme wa kukatika, iliendeshwa nayo.

Lakini programu nayo hukua. Ni kama mtumbwi: ukiukalafati vizuri hauvuji, ila hauwi mkubwa zaidi. Ruta nyingi za bei ya chini zina hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32. Kwa hizo, toleo rasmi la mwisho la OpenWrt lilikuwa 19.07, na masahihisho yake yalikoma mwaka 2022. Zitawaka, waifai itaonekana, lakini mlango uko wazi. Anayeiteka ruta yako anaweza kukupeleka kwenye ukurasa bandia ukaandika namba ya siri ya akaunti ya kikundi. Hasara hiyo inazidi sana bei ya ruta.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua ya mkononi ya aina hiyo. Hifadhi ilijaa, kila nikibadilisha mipangilio ilikataa kuhifadhi. Nilijifunza kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Geuza ruta, soma jina na toleo chini yake. Jina peke yake halitoshi. TL-WR841N toleo la 9 ina MB 4 na 32. Toleo la 13 ina MB 8 na 64. Kwa macho zinafanana sana.

2. Ukinunua, usishuke chini ya 8 na 64. Ukiweza, tafuta 16 na 128; hiyo ndiyo itakayokuvusha miaka.

3. Ya 4 na 32 usiipe kazi ya pesa. Itumie kwa muziki na picha za dukani, na kazi za benki fanya kwa data ya simu.

4. Usibadilishe programu siku umeme unayumba. Ukikatika katikati, ruta inaweza kufa.

5. Wa sola, angalieni volti. TL-WR841N kwa kawaida hutumia volti 9, betri yenu ni 12. Wekeni kifaa cha kupunguza volti, msiunganishe moja kwa moja.

Sisemi kila mtu akanunue mpya. Pesa ya msimu mnaijua wenyewe. Nasema usilipie ufundi kwenye ruta ambayo muda wake ulishapita. Kabla hujamlipa fundi, niandikie jina na toleo lake, nitakuambia kama inafaa.